Jalada Lisilosoma Kitabu Chake

Nakala yangu ya kwanza ya A Wizard of Earthsea, riwaya ya Ursula K. Le Guin, niliinunua katika vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya njia jijini Nairobi. Jaladani alisimama kijana wa Kizungu mwenye fimbo, upepo ukipeperusha joho lake. Nilivutiwa naye. Nikaanza kusoma nikiwa nimekwisha kuambiwa Ged ni nani, na aliyeniambia si mwandishi.

Katika sura ya kwanza wanakuja wavamizi. Ni watu wa Kargad, weupe, wenye nywele za manjano, wanaoshuka katika kisiwa cha Gont kuua na kuchoma vijiji. Mvulana aitwaye Duny, ambaye baadaye atapewa jina lake la kweli, Ged, anasuka ukungu kwa uchawi ili kukificha kijiji chao. Nilipita hapo bila kushtuka. Ni mbele zaidi, nilipokutana na rafiki yake Vetch, ambaye mwandishi anamtaja kuwa mweusi tofauti na wenyeji wengi wa visiwani walio wekundu wa shaba, ndipo nilipofunga kitabu nikalitazama tena jalada. Kumbe kurasa zote hizo nilikuwa nikimwona shujaa kwa sura ya waliokuja kumchomea kwao.

Wako watakaosema nakuza dogo. Jalada ni biashara, na msomaji mwenye akili atajua kuwa picha ni picha. Hoja hiyo ningeikubali kwa riwaya inayotokea Mombasa au London. Mchoraji akikosea huko, msomaji ana njia nyingine ya kujua: amewahi kufika, au ameona picha, au amesimuliwa na mtu. Riwaya ya fantasia haina shahidi wa nje. Gont haimo katika ramani yoyote isipokuwa ile iliyomo kitabuni, na rangi ya Ged haipo popote ila katika maneno ya Le Guin. Picha inapoyapinga maneno hayo, inampokonya msomaji ushahidi pekee alionao. Tena inafanya hivyo mapema, kabla maneno hayajapata nafasi ya kujitetea.

Kwa kitabu hiki hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa Le Guin alificha jambo hilo kwa makusudi. Alieleza mwenyewe kuwa alitaka msomaji Mzungu ajione ndani ya ngozi ya Ged kwanza, amzoee, kisha ndipo agundue kuwa ngozi hiyo si nyeupe. Riwaya ilitoka mwaka 1968, wakati ambapo shujaa wa aina hiyo alikuwa adimu katika fantasia ya Kiingereza. Jalada la toleo la kwanza, lililochorwa na Ruth Robbins, lilimheshimu: uso wake ulikuwa wa rangi ya shaba. Mengi yaliyofuata yalimpaka chokaa. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ikafanya vivyo hivyo kwa kumpa mwigizaji Mzungu nafasi ya Ged, na Le Guin akapinga hadharani.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna neno la ngozi ile: maji ya kunde. Nimejaribu mara kadhaa kuitafsiri sura ile ya kwanza kwa ajili ya daftari langu tu, na nimeona kwamba msamiati wa kumweleza Ged unatujia bila jasho. Anayetutia taabu ni Mkargad, kwa sababu tukisema mtu ni mweupe huenda tunamsema binamu yetu.

Si kila kosa la jalada lina uzito huo. Mwaka 1965 toleo la Kimarekani la The Hobbit lilitoka likiwa na simba, ndege wa jamii ya mbuni, na mti wenye matunda ya waridi. Tolkien alimlalamikia mchapishaji wake wa Uingereza, akiuliza vitu hivyo vinahusiana vipi na hadithi. Mchoraji, Barbara Remington, alieleza baadaye kuwa hakupata nafasi ya kukisoma kitabu kabla ya kuchora, na simba akaja kuondolewa. Kisa hicho hunichekesha, wala simlaumu mchoraji. Hata Tolkien mwenyewe alipata kumchora Bilbo akiwa na mabuti, ilhali hobiti hutembea miguu mitupu; akakiri kuwa maelezo ya mabuti hayo yalidondoka wakati wa masahihisho. Simba wa ziada hamwondoi mtu katika hadithi yake.

Ninachokilaumu ni kosa linaloelekea upande mmoja kila mara. Sijapata kusikia mchoraji aliyesahau kusoma kitabu akamchora mfalme wa Kizungu kuwa mweusi. Wauzaji hutukumbusha kuwa kizuri chajiuza; basi na tuulize ni nani aliyeamua kuwa uso wa Ged hauuziki. Mwaka 2009 riwaya ya Justine Larbalestier iitwayo Liar, ambayo msimulizi wake ni binti mweusi mwenye nywele fupi, iliandaliwa Marekani jalada lenye msichana wa Kizungu mwenye nywele ndefu. Wasomaji walipiga kelele, na mchapishaji akalibadilisha kabla kitabu hakijaingia madukani. Kumbe iliwezekana.

Iliwezekana hata zamani. Mwaka 1940 ilipochapishwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll, picha zilichorwa upya na Elisi akawa mtoto wa Kiafrika. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo, lakini alau picha na maneno vilikaa meza moja. Na Charles Vess, aliyechora The Books of Earthsea ya mwaka 2018, alishauriana na Le Guin kwa miaka kadhaa kabla mama huyo hajafariki Januari mwaka huohuo.

Nakala yangu ile ya mitumba ningali nayo. Nimeivisha karatasi ya kaki, kama tulivyokuwa tukiyavisha madaftari shuleni, na juu yake nimeandika jina la kitabu kwa mkono.