Mitishamba ya kutuliza wasiwasi sharti ipimwe kwanza

KATIKA masoko na vituo vya matatu humu nchini, si ajabu kumkuta mchuuzi aliyetandaza magome, mizizi na unga wa majani, akinadi kwamba dawa yake huondoa mawazo, huleta usingizi na kutuliza moyo unaodunda ovyo. Wanunuzi hawakosi.

Haja yao ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mnamo 2019 watu milioni 301 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya wasiwasi. Nchini Kenya, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mnamo 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Lakini anayeogopa kuitwa mwendawazimu huona heri anunue unga sokoni kimyakimya kuliko kuonekana kwenye foleni ya kliniki ya akili.

Kwamba mimea inaweza kutibu si jambo la kubishaniwa. Kwinini ilitoka kwenye magome ya mti, na dawa ya malaria inayotegemewa leo ilitokana na mmea wa Artemisia. Suala ni iwapo dawa inayouzwa imepimwa, na kwa njia ipi.

Upimaji huanzia maabarani. Majani au mizizi hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika maji au pombe ili kukamua viini vyake. Kisha panya hupewa viini hivyo na kuwekwa juu ya jukwaa lililoinuliwa, lenye njia nne: mbili zimezungukwa na kuta, mbili ziko wazi. Panya mwenye hofu hujibanza penye kuta, ilhali aliyetulia huthubutu kutembea peupe. Matokeo hulinganishwa na ya panya waliopewa diazepam, dawa ya hospitalini inayojulikana kwa kutuliza wasiwasi lakini ambayo huweza kumfanya mtumiaji kuwa mraibu.

Jaribio hilo lina manufaa, ila lina mipaka. Panya hahofii karo ya shule wala kodi ya nyumba. Isitoshe, halisemi lolote kuhusu mtu atakayetumia dawa hiyo kwa miezi au miaka. Hata hivyo, mara nyingi habari za panya huenea kana kwamba tiba ya binadamu imekwisha kupatikana.

Hatari ya kukata kauli mapema inaonekana katika kisa cha kava, mmea ambao mizizi yake imenywewa kwa karne nyingi katika visiwa vya Pasifiki kama Fiji, Tonga na Vanuatu. Ulipofika Ulaya ukiwa vidonge vya wasiwasi, ulipata soko kubwa. Kisha zikaja ripoti za wagonjwa walioharibika ini, na mnamo 2002 Ujerumani ikaupiga marufuku. Mahakama ilibatilisha marufuku hiyo mnamo 2014, lakini mvutano haukuishia hapo. Wakulima wa visiwani waliumia, na wagonjwa wakabaki njia panda.

Wanasayansi wa Australia walijaribu kutegua kitendawili hicho. Utafiti wao wa mwaka 2013, ulioshirikisha watu 75 kwa majuma sita, ulionyesha kuwa kava hupunguza wasiwasi. Walipoupanua hadi watu 171 kwa majuma 16, matokeo yaliyochapishwa mnamo 2020 yalikuwa kinyume: kava haikushinda vidonge visivyo na dawa yoyote, na vipimo vya ini vilivyokwenda kombo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa waliopewa kava. Lau watafiti wangeridhika na jaribio la kwanza, ukweli huo usingejulikana.

Si kila mmea huanguka mtihani. Mafuta ya lavenda yaliyotiwa katika vidonge yalijaribiwa nchini Ujerumani kwa watu 539 kwa majuma 10, na matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha kuwa yalituliza wasiwasi kuliko vidonge bandia. Lakini yaliyopimwa ni mafuta yenye kipimo maalumu, yaliyotengenezwa kwa namna ileile kila mara. Matokeo hayo hayawezi kuazimwa na kila chupa yenye harufu ya lavenda, seuze unga ambao haujulikani umechanganywa na nini.

Kwa Kenya, yenye zaidi ya watu milioni moja wanaoishi na virusi vya HIV, kuna tahadhari nyingine. Mnamo 2000 ilibainika kuwa mmea uitwao St John's wort, unaotumiwa Ulaya na Marekani dhidi ya sonona, hupunguza kwa zaidi ya nusu kiwango cha indinavir, mojawapo ya dawa za kukabili virusi hivyo, katika damu. Mgonjwa anayemficha daktari mitishamba anayotumia huenda akatuliza moyo huku akidhoofisha dawa inayomweka hai.

Kupima, hata hivyo, kusiwe kisingizio cha kuwapora wenye maarifa. Nchini Afrika Kusini, Wasan na Wanama wametafuna mmea wa kanna tangu enzi za mababu. Kampuni iliyotengeneza dawa kutokana na mmea huo iliafikiana na Baraza la Wasan ili jamii hizo zipate sehemu ya mapato. Dawa yenyewe ingali na safari: jaribio la mwaka 2013 lililoonyesha kuwa hutuliza sehemu ya ubongo inayohusika na hofu lilikuwa na watu 16 pekee, tena wenye afya.

Kenya haikosi sheria. Ile ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba asili. Ipo pia Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI), yenye kituo cha kuchunguza dawa za kienyeji, na Bodi ya Famasia na Sumu yenye jukumu la kudhibiti dawa. Kinachohitajika ni fedha na nia ya kuuvusha mmea kutoka kwa panya hadi kwa binadamu, mganga akiwa mshirika mwenye haki zake.

Pasipo hilo, mganga mwenye dawa ya kweli ataendelea kuchanganywa na laghai, naye mgonjwa hatakuwa na njia ya kuwatofautisha. Upimaji unaofuata haki humkinga mgonjwa na pia humpa mganga huyo heshima anayostahili.