Tufundishe Njia ya Mnyama, Si Ukubwa Wake Tu

Imekuwa desturi kwa wanachuo wengi, wanapotakiwa kuandaa somo juu ya dinosaria, kuanza na ukubwa. Mwalimu huandika ubaoni kwamba mnyama fulani alikuwa na urefu wa mita kadha na uzito wa tani kadha, huchora shingo ndefu, watoto hushangilia, na kengele hulia. Somo la namna hii, kwa maoni yetu, ni hadithi ya zimwi iliyovishwa vazi la sayansi. Mtoto hutoka darasani ameshangaa, lakini hana swali jipya kichwani, wala hana njia ya kulitafutia jibu.

Sisi tunapendekeza kwamba andalio la somo la dinosaria wala majani lijengwe juu ya maswali mawili: mnyama huyu alikula nini, na alifikaje hapo mifupa yake ilipokutwa? Mwalimu wa Bukoba au Muleba hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa kujibia. Sehemu kubwa ya ushahidi huo ilichimbwa katika ardhi ya Tanzania, katika sehemu tatu zenye umri mbalimbali.

Sehemu ya kwanza ni bonde la Mto Ruhuhu, mashariki ya Ziwa Nyasa. Miamba yake ina umri wa miaka milioni 240 hivi. Humo ndimo ilimopatikana mifupa ya Asilisaurus kongwe, aliyepewa jina mwaka 2010. Huyu hakuwa dinosaria kamili bali ndugu yao wa karibu, mnyama mdogo ambaye meno yake yaonyesha kwamba alikula mimea. Wakati huo mabara yote ya dunia yalikuwa yameshikamana kuwa nchi kavu moja, ambayo wataalamu huiita Panjea.

Sehemu ya pili ni kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, chenye mifupa ya miaka milioni 150 hivi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba huko mifupa yenye uzito wa tani zaidi ya 200. Waliochimba walikuwa mamia ya wafanyakazi wa nchi hii, chini ya msimamizi wao mkuu Boheti bin Amrani. Na wapagazi walibeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadha. Mnyama mashuhuri kuliko wote hao leo huitwa Giraffatitan, na mifupa yake iliyosimamishwa Berlin ina kimo cha zaidi ya mita 13.

Sehemu ya tatu ni kusini magharibi, katika nchi ya Rukwa na Songwe, ambako miamba ya miaka milioni 100 hivi imetoa dinosaria wengine wala majani. Rukwatitan alitangazwa mwaka 2014, Shingopana songwensis mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019. Jina hili la mwisho latokana na Mto Mtuka, na pia na mfupa wa mkia wenye umbo la moyo. Mwalimu asiyapite majina haya kwa haraka. Mtoto wa shule ya msingi Kagera aweza kuyasoma na kuyaelewa bila kamusi, jambo ambalo wasomi wengi wa Ulaya hawaliwezi. Ni mara chache sayansi humpa mtoto wetu nafasi ya kutangulia, tuitumie.

Sasa tuyarudie maswali yetu. Mnyama alikula nini? Mwalimu awaulize watoto kwanza ni mimea gani waijuayo ambayo haikuwapo. Watashangaa kusikia kwamba katika siku za Tendaguru hapakuwa na kibanja cha migomba wala nyasi za rweya, wala maua kama tuyajuavyo. Palikuwa na kangaga, na miti ya jamii za misonobari na mipodo. Kangaga huota hata leo katika mabonde yenye unyevu ya Muleba, na mipodo ingali imesimama katika msitu wa Minziro. Jani moja la kangaga mkononi mwa mtoto ni zana bora kuliko picha kumi za kutisha.

Baada ya chakula, mwalimu aeleze namna ya kula. Ng'ombe huyakata majani, huyameza, kisha huyacheua. Giraffatitan hakucheua wala hakutafuna; alikata majani kwa meno yake, akayameza mazima, na tumbo kubwa likafanya kazi iliyobaki. Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni na mkiani, alikula mimea ya chini. Dicraeosaurus alikuwa na shingo fupi kuliko jamaa zake. Dysalotosaurus alikuwa mdogo, akikimbia kwa miguu miwili. Wanyama hawa waliweza kuishi katika nchi moja kwa sababu kila mmoja alikula kwa kimo chake, kama vile mbuzi na ng'ombe wanavyochungwa pamoja bila kunyang'anyana kila jani.

Hapa pana hatari moja ya kufundisha kosa. Mara nyingi husemwa kwamba mnyama alirefusha shingo ili ayafikie majani. Hakuna mnyama aliyefanya hivyo. Tuwakumbushe watoto maharage ya mchanganyiko ambayo wakulima wetu hupanda. Mvua ikizidi, aina moja huoza na nyingine huzaa. Na mbegu ya msimu ujao hutoka kwa zile zilizozaa. Hakuna haragwe lililoamua kuvumilia mvua. Ndivyo ilivyokuwa kwa shingo: waliozaliwa na shingo ndefu kidogo walishiba zaidi, wakazaa zaidi, na watoto wao wakairithi. Mwanafunzi akilielewa hili amekwisha kuelewa kiini cha mageuko ya viumbe.

Swali la pili ni gumu zaidi, na ndilo tulipendalo zaidi. Huko Colorado, Marekani, ulichimbwa mwaka 1900 mnyama aliyeitwa Brachiosaurus, anayefanana sana na Giraffatitan, hata kwa miaka mingi wote wawili waliitwa kwa jina moja. Kentrosaurus ana ndugu yake Marekani, na Dysalotosaurus vivyo hivyo. Katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya Muleba, tulimsikia mtoto akiuliza kama wanyama hao walivuka bahari kwa kuogelea. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alimjibu kwamba swali hilo halimo katika somo. Ndugu wanachuo, swali hilo ndilo lilikuwa somo.

Jibu lake lataka boksi kuukuu na mkasi. Watoto wachore na kukata Afrika na Amerika mbili, wazisogeze juu ya meza, na waone jinsi ubavu wa Amerika ya Kusini unavyoingia katika ghuba ya Guinea. Waweke punje ya haragwe Lindi na nyingine Colorado. Kisha waelezwe kwamba mababu wa wanyama hao walitembea katika nchi kavu moja kabla haijapasuka, na kwamba uzao wao ulibaki pande zote mbili. Punje ya tatu iwekwe Songwe, na ya nne Amerika ya Kusini, kwani Shingopana ana jamaa zake huko. Kufikia wakati wa Shingopana Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa ndiyo kwanza zimeachana. Wanyama hawakuvuka bahari. Bahari ndiyo iliyokuja kuwatenga. Inafaa kutaja pia kwamba Alfred Wegener wa Ujerumani alitoa hoja yake ya kusogea kwa mabara mwaka 1912, wakati ule ule ambapo wapagazi walikuwa wakishusha mifupa kwenda Lindi.

Wapo watakaosema kwamba Lindi ni mbali na Bukoba, na kwamba mtoto wa hapa hana mfupa wa kugusa. Ni kweli hana, na sababu yake ni somo jingine. Mawe ya mchanga ya magenge yaliyo juu ya mji wa Bukoba ni ya kale mno. Wanajiolojia wameyapa miamba ya rika hilo jina la mji wetu. Yalifanyika mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya dinosaria, kabla hata hajakuwapo mnyama yeyote mwenye mifupa. Mtoto aokote jiwe hilo, aulizwe kwa nini hatupati dinosaria ndani yake, naye ataanza kufikiri kama mwanajiolojia: kwanza umri wa mwamba, kisha kilichomo.

Wengine watasema azimio la kazi limejaa na muda hautoshi. Hatuombi vipindi zaidi. Tunaomba kipindi kile kile kitumike kuuliza badala ya kukaririsha. Mtoto aliyekariri mita 13 atazisahau baada ya mtihani. Mtoto aliyesogeza mabara kwa mikono yake atakumbuka kwamba jambo lisiloonekana laweza kujulikana kwa ushahidi, na atalitumia fundisho hilo katika kilimo, katika afya, na katika kupima maneno ya watu.

Mifupa mikubwa ya Tendaguru ingali Berlin, na mjadala juu yake ni wa haki na uendelee. Lakini ujuzi uliotoka katika mifupa hiyo hauhitaji meli ya kuurudisha. Unahitaji mwalimu mwenye boksi, mkasi, jani la kangaga na punje nne za maharage. Kama watoto wa wale waliochimba na kubeba watakua wakidhani kwamba dinosaria ni habari ya sinema za ng'ambo, kosa hilo halitakuwa la makumbusho yoyote ya Ulaya. Litakuwa letu sisi tulioshika chaki.