NENO "FUNGA" LINAWEZA KUUA



Ukifunga robine, maji yanasimama. Lakini fundi akisema kwa Kifaransa au kwa Kiingereza kwamba njia ya umeme "imefungwa", maana yake nyaya zimeungana na umeme unapita. Ikiwa "imefunguliwa", umeme umekatika. Ni kinyume kabisa cha robine!

Hapa Kolwezi jambo hili si mchezo. Tangu mwaka 1982 umeme wa Inga unatufikia kwa njia ya karibu kilometa 1,700, yenye volti 500,000. Vitabu vya mashine nyingi ni vya Kiingereza, wakubwa wanaandika Kifaransa, na sisi kazini tunasema Kiswahili.

Kiingereza nacho kina maneno yanayofanana. Waya ulioshikizwa ukutani wanauita "attached". Ulioungwa na mashine, umeme ukaweza kupita, wanauita "connected". Kwetu yote mawili mtu anasema tu: "Umefungwa." Je, utaugusa?

Maoni yetu ni haya: katika kazi ya umeme, tuache neno "funga". Sema "kata umeme" au "rudisha umeme". Waya taja kama umeshikizwa au umeungwa, na umeungwa na nini. Mwenzako akupe jibu kwa kurudia maneno yako. Kisha weka kufuli lako, na upime kwa chombo kabla ya kugusa.

Kuuliza si ujinga. Jamaa yako inakungojea nyumbani.