Kuchanganya Ngoma si Kuisaliti Hip-hop

Wako watu hapa Mwanza wasemao kwamba kundi la hip-hop likiingiza ngoma za wazee katika muziki wake limekwisha potea. Kwao hip-hop ni mdundo na vina basi, na anayeongeza kitu anatafuta fedha za Wazungu. Mfano wao ni X Plastaz wa Arusha, walioanza katika miaka ya 1990 kwa kughani Kiswahili kama wenzao, kisha wakampokea Merege, mwimbaji wa Kimaasai, na mwaka 2004 wakatoa santuri yao, Maasai Hip Hop. Sisi tunasema vijana wale walifanya sawa.

Kwanza tuulize hip-hop yenyewe ilitoka wapi. Ilizaliwa Bronx, New York, mwaka 1973, na DJ Kool Herc aliyeiasisi alikuwa mhamiaji kutoka Jamaika. Alichukua desturi ya kwao ya vipaza sauti vikubwa, akachukua na santuri za Wamarekani weusi, akarudiarudia kile kipande cha ngoma tu ili watu wacheze. Basi wanaolinda usafi wa hip-hop wanalinda kitu ambacho hakijapata kuwapo. Tangu siku ya kwanza ilikuwa mchanganyiko.

Ni kweli santuri ya X Plastaz ilitolewa na kampuni ya Ujerumani. Lakini Siti binti Saad naye alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa kampuni ya kigeni, na baadhi ya ala zake zilitoka Uarabuni. Nani leo athubutuye kusema taarabu ile si yetu? Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba, na nyimbo zake zikawa za wananchi.

Tena sisi wa kando ya ziwa hatuna haki ya kushangaa. Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma tangu enzi za babu zetu, na mshindi ni yule avutaye watu wengi. Kwa hiyo kila manju hutafuta jambo jipya: wimbo mpya, vazi jipya, hata chatu uwanjani. Nendeni Bujora wakati wa Bulabo, mwezi wa Juni, mjionee. Ngoma ya Kisukuma haikupata kusimama mahali pamoja.

Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge mwaka 1962 alisikitika kwamba tulifundishwa kucheza dansi za Wazungu tukaona haya kwa ngoma zetu. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba taifa likataalo kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Maneno yote mawili yatupasa kuyashika pamoja. Mwenye kughani kwa kuiga New York tupu amesahau la kwanza. Mwenye kukataza kuchanganya amesahau la pili.

Lakini liko sharti moja. Merege hakuwa pambo, wala sauti yake haikuokotwa ikabandikwa juu ya mdundo. Alikuwa mmoja wa kundi, akasimama jukwaani pamoja na wenzake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuchanganya na kunyang'anya. Anayemrekodi mzee kijijini, akaenda mjini kuuza sauti yake bila kumtaja jina wala kumpa fungu lake, huyo hakukuza utamaduni. Amefanya kazi ile ile ya mkoloni.

Vijana wa Kirumba, Igoma na Mabatini, Fid Q ametoka katika mji wenu huu, na nchi nzima imemsikiliza. Msiogope lawama. Bugobogobo ni yenu, na nyimbo za wavuvi ni zenu. Nendeni kwa manju, kaeni chini mjifunze, andikeni jina lake pamoja na yenu, na fedha ikipatikana mgawane naye.