Tajiri Hakuanza Mikono Mitupu

Vitabu vinavyosimulia maisha ya matajiri wa kwanza wa Afrika Mashariki vina hadithi moja. Mtoto anashuka jahazini hana kitu, anaingia utumishi dukani kwa mtu wa kwao, anaweka akiba, anafungua duka lake, na uzeeni anamiliki viwanda. Allidina Visram alifika pwani mwaka 1863 akiwa na miaka 12. Nanji Kalidas Mehta alivuka bahari mwaka 1900 akiwa na miaka 13. Muljibhai Madhvani alikuja mwaka 1908, naye kijana mdogo tu. Hayo ni kweli. Kisicho kweli ni funzo linalovunwa humo, ambalo Gitega na Muyinga, Burundi, hurudiwa kama linavyorudiwa Kampala na Mombasa: kwamba utajiri mkubwa ni zao la bidii na akiba, na asiyekuwa nao hakujituma vya kutosha. Funzo hilo hukanushwa na vitabu hivyohivyo, msomaji akivisoma bila kuruka kurasa.

Kitabu kinachostahili kusomwa kwanza hakikuandikwa na mwana wa tajiri wala na mwandishi wa kukodiwa. Ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Huhesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili, na inafaa ikumbukwe kwamba tawasifu hiyo ni ya mfanyabiashara. Mwandishi wake hana haya. Anaeleza jinsi safari zake zilivyotegemea bidhaa alizochukua kwa mkopo, hasa kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuja kukodi forodha ya Sultani wa Unguja. Vitambaa, shanga na bunduki vilitangulia, deni likafuata, pembe za ndovu zikarudi kulilipa.

Anaeleza pia alivyoupata utawala wa Utetela, huko Kongo. Baada ya kusikia kwamba mtawala wa huko, Kasongo Rushie, aliwahi kutekwa dada zake miaka mingi nyuma, alitunga nasaba na kujitangaza mjukuu wa mmoja wao. Mzee akaamini, akamkabidhi utawala, na pembe za nchi nzima zikawa zinaletwa kwake. Mwaka 1887 alikubali mbele ya Henry Morton Stanley kuwa wali wa Stanley Falls chini ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mkopo, silaha, uongo na cheo cha serikali: vyote vimo, kwa mkono wake mwenyewe. Bidii nayo imo, tena nyingi, lakini Tippu Tip hakudai kamwe kwamba ilitosha. Ukweli huo ndio uliofutwa katika vitabu vya waliomfuata.

Allidina Visram ni mfano mzuri wa kilichofutwa. Alianza kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, aliyekuwa akiipatia misafara ya Wazungu wapagazi na vifaa, kwa hiyo hakuanza peke yake. Aliingia katika biashara iliyokwisha kusimama, yenye wateja na yenye kuaminiwa mikopo. Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga njia kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa zaidi ya pauni milioni 5 za hazina yao. Visram aliwauzia wajenzi chakula na bidhaa, akapanda maduka kandokando ya njia, akafika Uganda. Aliona mbali, hilo halina ubishi. Lakini hakutandika hata taruma moja la reli hiyo, na bila reli maduka hayo yangekuwa vibanda vya porini.

Marekani, ambako hadithi ya tajiri aliyejijenga mwenyewe hupendwa kuliko kwingine, walianza mapema kuichokonoa. Mwaka 1904 Ida Tarbell alitoa historia ya Standard Oil akionyesha kwamba John D. Rockefeller alipewa na kampuni za reli punguzo la siri la nauli, ambalo washindani wake hawakulipata. Andrew Carnegie aliuza chuma cha pua nyuma ya ukuta wa ushuru uliowazuia Waingereza. Vitabu vya aina hiyo juu ya matajiri wa Afrika Mashariki ni vichache mno, na nafasi yake imejazwa na sifa.

Pengo hilo linaonekana zaidi kwenye sukari. Mehta alifungua kiwanda cha Lugazi, Uganda, mwaka 1924, na Madhvani akafungua cha Kakira mwaka 1930. Katika simulizi za ukoo, mashine hupewa nafasi kubwa, hofu ya kufilisika hupewa nafasi, na maombi pia. Mkata miwa hupita kwa mstari mmoja. Kazi yake ni kuinama, kukata muwa kwa panga karibu kabisa na ardhi, kuparua majani yanayochana ngozi kama wembe, kukata kilele na kubeba mzigo hadi kwenye mabehewa, jua likiwa kichwani. Waganda wengi hawakuitaka: walikuwa na ardhi, walilima pamba na kahawa yao. Sehemu kubwa ya vibarua wa mashamba hayo ilitoka Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo.

Walitoka kwa nini? Jibu liko vilimani, katika eneo la Kirimiro, Burundi, ambamo Giheta imo. Karne ya 19 Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip, alijaribu kuingia Urundi kutoka Ziwa Tanganyika akarudishwa nyuma na majeshi ya Mwezi Gisabo, mfalme yuleyule ambaye ngoma za Gishora, hapo Giheta, humkumbusha hadi leo. Kilichoshindikana kwa bunduki za wafanyabiashara kilifanikiwa kwa kodi. Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 walidai kodi kwa faranga mahali ambapo faranga ilikuwa haipatikani, wakaongeza kazi za lazima za barabara na mashamba, na aliyechelewa alionja kiboko; Warundi bado huuita wakati huo kwa jina la kiboko. Union Minière ilichota vibarua kwa ajili ya migodi ya Katanga kuanzia mwaka 1925. Wengine walienda manamba Tanganyika, kwenye mkonge. Wengi zaidi walitembea kwa miguu kuelekea Uganda, baadhi wakipitia Ngara na Karagwe, wakitafuta fedha ya kodi na kukwepa shokoa ya nyumbani.

Hapa haki itendeke: mwenye kiwanda wa Lugazi au Kakira hakumpiga kiboko mtu wa Kirimiro, na kibarua huyo mara nyingi aliona ujira wa Uganda ni afadhali kuliko kubaki. Ndiyo sababu hesabu yenyewe ni ya kuvutia. Tajiri alipokea mlangoni mfanyakazi aliyelelewa kwa gharama ya wazazi wake, aliyefukuzwa kwao na serikali nyingine na kujileta kwa nauli ya miguu yake. Gharama hizo hazimo katika daftari la kampuni, na kwa kuwa hazimo, faida yote huandikwa kwa jina la bidii ya mwenye mali.

Watetezi wa hadithi husema kwamba wahamiaji walikuwa maelfu, mikopo waliipata wengi, na Mehta alikuwa mmoja. Hoja hiyo ina uzito, ila inajibu swali jingine. Kipaji kinaeleza kwa nini huyu alimshinda yule ndani ya soko moja. Hakielezi soko lilitoka wapi, nani aliruhusiwa kuingia, wala kibarua alipatikanaje kwa bei ile. Mwaka 1972 ulitoa ushahidi usiotarajiwa. Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, akina Madhvani walikuwa na bidii ileile na akiba ileile waliyokuwa nayo mwezi uliotangulia. Serikali ilipogeuka, Kakira iliwatoka. Walirudi mwaka 1985 kwa sababu serikali ilikubali warudi. Manubhai Madhvani ameyasimulia hayo, pamoja na kifungo chake cha Makindye, katika kitabu cha mwaka 2008, na ni ajabu kwamba wasomaji wengi bado hutoka humo wakisifu uvumilivu peke yake.

Kama bidii ingetosha, Giheta yenyewe ingekuwa na mabwanyenye wake. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1930 wakulima wa Urundi walilazimishwa kupanda kahawa, na kwa muda mrefu kung'oa mkahawa lilikuwa kosa la kuadhibiwa. Mkulima hupogoa, hutandaza nyasi shinani, huchuma mbivu moja moja akiacha mbichi, na huzifikisha kituoni siku hiyohiyo kabla hazijachacha. Kilo 6 au 7 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Bei hakuipanga yeye, wala hakuuza nje yeye. Mkoloni alishika vyote viwili, na baada ya uhuru wa mwaka 1962 dola mpya ikavirithi. Vituo vya kuoshea vikawekwa chini ya kampuni za kimkoa, Sogestal, moja ikiwa ya Kirimiro na nyingine ya Kirundo na Muyinga.

Serikali ilipoanza kuviuza vituo hivyo mwaka 2009, 13 vya kwanza vilichukuliwa na Webcor, kampuni ya Uswisi. Wakulima waliovijaza kahawa kila msimu hawakuwa na benki ya kuwakopesha bei ya kituo. Baadaye vyama vya ushirika vilianza kujenga vituo vyao wenyewe. Viliweza pale mikopo na misaada ilipopatikana, na idadi ya saa ambazo wanachama wake walikesha shambani haikuwa imebadilika.