Usinunue Besi kwa Macho

Kwenye kipindi cha wiki jana tuliongea kuhusu nyimbo za zamani ambazo wazazi wetu wanaziweka kila Jumapili wakipika, na mimi ulimi ukateleza, nikasema napiga gitaa la besi. Basi, ujumbe ukaanza kuingia! Mmoja umenikaa kichwani. Msikilizaji wa miaka 17, wa huku huku Peckham, anafanya kazi Jumamosi na amekusanya pauni 220. Ameona besi mbili mtandaoni. Moja ina nyuzi tano, nyeusi, inang'aa kama gari la bwana harusi. Nyingine ina nyuzi nne na imechubuka chubuka. Mama yake anasema hizo hela ni za kujifunza udereva. Swali lake fupi: "Ninunue ipi?"

Mdogo wangu, kabla sijakujibu, ngoja nikusimulie ujinga wangu.

Nilikuwa na miaka 19. Nikaona besi ya nyuzi tano mtandaoni, pauni 180. Nikakutana na muuzaji usiku, kwenye maegesho ya magari, nikaiangalia kwa taa ya simu. Sikuichomeka popote. Sikuikagua shingo. Niliona rangi tu, nikatoa hela. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda nilikibeba mwenyewe mgongoni mpaka nyumbani, ndani ya basi namba 12. Kufika, nikakuta shingo imepinda, na ule uzi wa tano unanguruma kama friji mbovu.

Lakini hilo sio kosa kubwa. Shingo ilinyooshwa. Kosa kubwa ni kwamba sikujiuliza nitapiga na nani. Nikajifungia chumbani mwaka mzima na video, nikijifunza vidole vya kasi vya kuonyesha watu, na watu wenyewe hakuna.

Na wakati huo, vituo viwili vya basi kutoka kwetu, alikuwepo mjomba wangu. Mjomba alipiga besi kwenye mahoteli ya pwani ya Mombasa miaka ya 1980, zama zile bendi kama Them Mushrooms zinawachezesha watalii na "Jambo Bwana" yao ya 1982 inapigwa kila mahali. Nilijua. Picha yake na gitaa iko ukutani kwa mama mpaka leo. Sasa kwa nini sikumwendea? Niseme ukweli: niliona haya. Kiswahili changu kilikuwa cha "shikamoo" na "asante, nimeshiba". Mjomba akianza kuongea haraka nilikuwa natabasamu tu kama mgeni. Nikajiambia, nikienda na besi atanicheka mara mbili: kwa vidole na kwa ulimi.

Alikuja kuiona kwa bahati, siku ya Idi, mlango wangu ulikuwa wazi. Akaishika. Akakaa kitandani. Akapiga uzi mmoja tu, labda dakika tano, noti tatu zilezile, na chumba kizima kikawa kinatembea. Kisha akaniangalia: "Hizi nyingine zote za nini, mwanangu? Huu mmoja umeshaumaliza?"

Nikamwomba apige wimbo mzima. Akajaribu, akakatiza katikati. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji tena vizuri. Akasema, polepole ili nimwelewe, kwamba mwaka uliopita bado angeweza.

Mwaka uliopita. Yaani mwaka uleule niliokuwa chumbani na video. Hela ya besi mbaya niliirudisha baadaye. Huo mwaka sijaurudisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu gitaa kabisa. Jibu kwanza: nitapiga na nani? Besi peke yake ni nusu ya mazungumzo. Ukishajua unakaa na nani, nusu ya maswali ya dukani yanajijibu.

Kama ni kanisani (na kuanzia hapa mpaka Old Kent Road makanisa ya Kiafrika hayakosi dramu na kinanda), nenda kamuulize anayepiga sasa hivi. Gospeli ya siku hizi inapenda kushuka chini sana, na huko nyuzi tano zina kazi. Kama ni rumba, benga au zilipendwa kwenye harusi za kwetu, nyuzi nne zinatosha na kubaki. Kama moyo wako uko kwenye jazi ya kusini mwa London, msikilize TJ Koleoso, mpiga besi wa Ezra Collective, bendi iliyoshinda Mercury Prize mwaka 2023. Wale walikutana wakiwa vijana kwenye mafunzo ya Tomorrow's Warriors, ambayo vijana hawalipi ada, na mmoja wa waanzilishi wake, Gary Crosby, ni mpiga besi pia. Unaona? Hata wao walianza na watu.

Nne au tano? Mimi nasema nne, kwa anayeanza. Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951 ikiwa na nyuzi nne, E A D G, na muziki wa dunia umebebwa na hizo mpaka leo. Uzi wa tano, yaani B ya chini, unatetema kama mara 31 kwa sekunde. Spika ndogo ya chumbani haiwezi kuutoa huo mlio. Utasikia mtikisiko tu. Unalipia uzi ambao husikii, halafu mkono wa kulia una kazi ya ziada ya kuunyamazisha.

Ukubwa. Besi ya kawaida, urefu wa uzi unaopigwa ni inchi 34. Ziko fupi za inchi 30. Kama mikono yako ni midogo, usione aibu kununua fupi. Paul McCartney alipiga fupi na Beatles, na hakuna aliyemwambia ni ya watoto.

Mpya au mtumba? Mpya za kuanzia za Squier, Yamaha au Ibanez utazikuta kwenye pauni 200 hivi, juu kidogo au chini kidogo. Zinatosha kabisa. Mtumba mzuri unakupa gitaa bora kwa hela hiyohiyo, ila lazima uukague. Kanuni yangu: usitumie hela yote kwenye gitaa. Tenga pauni 60 au 70 za fundi wa kulirekebisha, nyuzi mpya, waya na mkanda. Gitaa la bei ndogo lililorekebishwa linalipita la bei kubwa lililopuuzwa.

Sasa ukifika kwa muuzaji, mchana na ukiwa na mtu mzima, fanya hivi:

1. Shika gitaa kama bunduki, angalia shingo kutoka kichwani kuelekea bodini. Ikiwa imejikunja kama mbao iliyonyeshewa, yaani upande mmoja uko juu na mwingine chini, ondoka. Huo ugonjwa ni mgumu kutibu.

2. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja. Angalia katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Lazima kuwe na kijipengo chembamba sana. Kadi ya Oyster ikipita hapo bila kugusa uzi, shingo imepinda mbele. Mara nyingi hilo linarekebishika kwa kile chuma kilichomo ndani ya shingo, lakini ni sababu nzuri ya kushusha bei.

3. Piga kila freti ya kila uzi. Ndiyo, zote. Muuzaji akichoka, achoke. Unatafuta noti inayokwaruza au inayokufa.

4. Kwenye freti ya 12, gusa uzi bila kubonyeza na upige, kisha bonyeza na upige tena. Tyuna ya simu isome noti ileile mara zote mbili.

5. Ichomeke. Zungusha vifundo vyote, tikisa waya pale unapoingia. Ikipiga kelele kama karanga kwenye kikaango, kuna uchafu au waya umelegea. Uliza pia kama ina betri ndani. Besi nyingine bila betri ya volti 9 ni bubu.

6. Ivae mkanda, simama dakika kumi. Besi nyingi zina kilo nne hivi. Kichwa kikidondoka kila ukiachia mkono, bega lako litalalamika kwenye harusi ya saa sita.

Muuzaji akikataa chochote katika hivyo, msalimie vizuri uende zako. Mimi nilimhurumia wa kwangu kwa sababu alikuwa na haraka. Haraka ilikuwa yake, hasara ikawa yangu.

Na majirani? Wengi wetu tunakaa kwenye fleti. Mlio wa chini unapita ukutani na sakafuni hata ukiwa umepunguza sauti. Kwa hiyo mwanzoni usihangaike na ampu kubwa. Chukua kile kidude cha kuchomeka hedifoni moja kwa moja, au ampu ndogo yenye tundu la hedifoni. Na ukiazima ampu ya gitaa la kawaida, piga kwa sauti ndogo. Ukiifungua sana spika yake inaweza kupasuka.

Basi umeshanunua. Unapiga vipi?

Mkono wa kulia, kidole cha shahada na cha kati, kwa zamu, kama mtu anayetembea. Wa kushoto, bonyeza karibu kabisa na chuma cha freti, sio katikati ya nafasi. Utatumia nguvu nusu. Na jifunze kunyamazisha nyuzi usizozipiga, manake hapo ndipo wanaoanza wanajulikana. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Weka metronomu polepole, 60, uone ilivyo ngumu kukaa pale pale.

Usihofu kuhusu mbinu nyingi. James Jamerson, aliyepiga nyimbo za Motown kule Detroit, alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na nyuzi zake hakuzibadilisha mpaka zikatike.

Halafu kaa na Les Wanyika. Bendi hii ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, na besi ilikuwa ya Tom Malanga. Weka "Sina Makosa", ambayo naamini umeisikia kwenye kila harusi tangu uzaliwe, lakini safari hii usiimbe. Fuata besi peke yake. Inasema kitu, halafu inanyamaza, inaliacha gitaa la ridhimu la Omari Shabani lijibu. Mjomba alinifundisha hapo. Alikuwa akinishika mkono nisipige, ananiambia, "Subiri. Mwache mwenzako amalize." Mimi nilidhani ananifundisha besi. Kumbe Kiswahili nacho nilikuwa najifunza hivyohivyo: kusikiliza, kungoja, kisha kujibu kwa maneno machache lakini ya sawa. Hakunicheka hata siku moja. Ukweli ni kwamba alicheka, ila vidole.

Sasa tunakaa kila Alhamisi. Yeye hawezi tena kumaliza wimbo, kwa hiyo ananiimbia mstari wa besi kwa mdomo, du-du-duum, na mimi nautafuta. Mingine haijarekodiwa popote. Ilikuwa ya hoteli tu, ya usiku ule.

Haya, mdogo wangu wa pauni 220. Jibu: ya nyuzi nne, iliyochubuka, kama itapita ukaguzi wote. Rangi iliyochubuka haina mlio. Ikikataa ukaguzi, acha zote mbili, nyingine zitakuja. Na mama usigombane naye. Mweleze hivi: besi ya mtumba iliyonunuliwa kwa akili, ukiiuza mwaka ujao unaweza kurudishiwa karibu hela ileile. Udereva utakungoja. Halafu muulize, kwa Kiswahili, hata kama kimevunjika: katika ukoo wetu, nani aliwahi kupiga muziki? Usishangae akitaja jina la mtu unayempelekea sahani ya biriani kila Idi.

Mwendee wiki hii. Gitaa linaweza kusubiri.

Maneno ya wiki

*Kuchubuka*: kutoka ngozi au rangi kidogo. Goti linachubuka, gitaa pia.

*Kukwaruza*: kutoa sauti ya kitu kinachosuguana, kama kijiko kwenye sufuria.

*Mtumba*: kitu kilichotumiwa na mwingine kabla yako. Wingi: mitumba.

*Kupokezana*: kupeana zamu. Wapiga muziki wanapokezana, na wanaoongea vizuri pia.

Mkiwa na swali la muziki, nitumieni ujumbe wa sauti. Kiswahili cha kuchanganya kinakubaliwa hapa. Tuonane kipindi kijacho.