Ndai Inamisi Ukiiwasha Ikiwa Moto? Usikimbilie Plagi
Serikali hairuhusu kuleta gari ya zaidi ya miaka 8, lakini zile tuko nazo zinazeekea hapa hapa. Ndio maana unasimama sheli dakika kumi, ukiwasha ndai inatetemeka kama ina malaria. Buda, ukizima injini joto haliishi, linapanda: petroli kwa paipu inatoa mvuke, ama koili iliyochoka inakosa kutoa cheche. Fundi atakuuzia plagi, juu hiyo ndio rahisi. Kabla utoe doh, washa na uzime swichi mara tatu bila kupiga stata, pampu ijaze presha. Ikiwaka fiti, shida ni petroli. Ikimisi bado, badilishana koili za silinda mbili. Kumisi kukihama, koili ndio mbaya. Ingia Grogan na ile ya zamani mkononi, mlinganishe namba.